Kabla ya kuipeleka jamaa yako kwenye chemchemi za Shimba

Shule zinapofungwa, wazazi wengi wa mjini huuliza swali lile lile: tuwapeleke wapi watoto? Aghalabu jibu huwa ni ufukweni, au kwenye mkahawa wenye bembea na vibanzi. Mimi huwashauri wanaonijia kwamba mara moja wajaribu kutembea msituni kwa miguu. Mtoto wa Nairobi au Mombasa leo hupelekwa shuleni kwa gari, hurudi kwa gari, kisha huketi mbele ya televisheni au simu hadi usiku. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kwamba mtoto wa kati ya miaka 5 na 17 apate angalau dakika 60 za kutumia mwili kwa nguvu kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Isitoshe, watoto wanaokaa nje kwenye mwangaza wa mchana kwa muda mrefu zaidi hupungukiwa na hatari ya kuanza kuona vitu vya mbali kwa shida, tatizo ambalo huwafanya wavae miwani wakiwa bado wadogo.

Mahali ninapopapendelea kwa matembezi ya jamaa nzima ni Milima ya Shimba, katika Kaunti ya Kwale. Ukivuka feri ya Likoni na kushika njia ya Kwale, hufiki mbali kabla ya kuhisi hewa imebadilika. Vilima hivi havijazidi sana mita 400 juu ya bahari, lakini upepo wa baharini huvipoza na msitu wake una chemchemi na vijito vingi. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka wa 1968. Ndovu ni wengi, na ndiko waliko palahala wa mwisho nchini Kenya wanaozaana porini. Matembezi yanayopendwa ni yale ya kwenda kwenye maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 20 na kuingia katika kidimbwi. Ni mwendo wa kama kilomita mbili kwenda, na huruhusiwi kwenda peke yako. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwenye bunduki huwaongoza.

Mzazi akisikia neno "bunduki" mara huanza kuwaza ndovu. Msomaji, ndovu mwachie askari. Fuata maagizo yake, nyamaza anapokwambia unyamaze, na usimwache mtoto atangulie mbele yake. Kinachowaleta watu kwa daktari baada ya safari kama hii mara nyingi ni maji: yale waliyokosa kuyanywa, yale waliyoyanywa bila kuyachemsha, na yale waliyoyaogelea.

Kwanza nieleze jinsi njia yenyewe ilivyo, kwa maana hapo ndipo makosa huanzia. Anayepanda mlima wa kawaida huanza kwa kupanda akiwa na nguvu zake, akarudi kwa kuteremka. Kwenye maporomoko ya Sheldrick ni kinyume chake. Unaanza kwa kuteremka. Watoto hukimbia, wanacheka, na baba husema, "Kumbe ni karibu tu!" Kisha wanacheza majini, wanakula, na jua likiwa utosini ndipo wanapotakiwa kuupanda mteremko ule ule. Mtoto wa miaka mitano aliyeshuka kama mbuzi sasa anataka kubebwa. Na anayembeba ni nani? Ni baba wa miaka arobaini na mitano ambaye zoezi lake la mwisho lilikuwa kupanda ngazi za ofisi siku ambayo lifti iliharibika.

Kwa hiyo pima safari kwa uwezo wa yule aliye dhaifu kuliko wote, na upime kwa kupanda wala si kwa kushuka. Wiki mbili au tatu kabla, tembeeni jioni mtaani kwenu kwa nusu saa, na ikiwezekana mahali penye mwinuko. Kipimo ni rahisi: anayetembea aweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Asiyeweza apunguze mwendo. Yeyote anayepata maumivu ya kifua, au anayepumua kwa shida akipanda ngazi za nyumbani, amwone daktari kabla ya kununua viatu. Mtoto mwenye pumu abebewe dawa yake ya kuvuta, na ibebwe na mtu aliye karibu naye, si kuachwa garini. Mwenye kisukari awe na kitu kitamu mfukoni, na asivae ndara hata kidogo. Kidonda cha mguu kisichohisiwa kinaweza kumgharimu mguu huo. Uliza langoni ni saa ngapi askari huondoka na vikundi, kisha mchague safari ya asubuhi. Wakati wa mvua za masika, Aprili na Mei, njia huteleza, na kwa wenye watoto wadogo au wazee mimi ningengoja hadi ikauke.

Sasa tuje kwenye maji ya mwilini. Upepo wa Shimba ni mtamu, na utamu huo ndio unaodanganya. Jasho hukauka upesi, mtu asijue ametoka jasho kiasi gani. Watoto ni wabaya zaidi kwa sababu wakicheza hawakumbuki kiu. Usingoje mtoto aseme ana kiu. Mpe nusu gilasi kila baada ya dakika 20 hivi, ateremkapo na apandapo. Kwa mtu mzima beba lita mbili, kwa mtoto wa shule ya msingi lita moja na nusu, na maji ya kupandia yawekwe kando tangu mwanzo yasiguswe. Nimeona jamaa wakimaliza chupa zote penye maporomoko kwa kuwa walijiona wamefika. Walikuwa wamefika nusu.

Dalili za mtoto aliyeanza kukauka maji si lazima ziwe za kutisha. Anakuwa mkali bila sababu, au ananyamaza ghafla, kichwa kinamuuma, anahisi kichefuchefu, na akikojoa mkojo ni kidogo na rangi yake ni kama chai ya mkandaa, ile ambayo wenzetu wa Nairobi huiita sturungi. Mketishe kivulini, mlegeze nguo, mlowanishe shingo na kichwa, umpe maji kwa vijifundo. Akianza kuchanganyikiwa, au akilegea asiweze kusimama, hiyo ni dharura. Endelea kumpoza kwa maji na kumpepea huku mkitafuta njia ya kumfikisha hospitalini.

Watu huniuliza kuhusu madafu, kwa sababu njia nzima ya Kwale yanauzwa. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na chumvi ya kawaida kidogo, ilhali jasho hutoa chumvi ya kawaida zaidi. Kunywa dafu lako na ule korosho zenye chumvi, na Kwale korosho hazikosekani. Mgonjwa wa figo asinywe madafu bila ruhusa ya daktari wake. Mzee anayetumia dawa za presha zile za kukojoza naye aulize kabla ya safari, kwani mwili wake unapoteza maji kwa njia mbili. Soda mimi siipendi. Inashibisha mtoto bila kumsaidia.

Baada ya kusema mnywe maji kwa wingi, nawaomba msinywe ya kijito. Hapa mabishano huwa makali. Mtu huona chemchemi inabubujika kutoka mwambani, maji yanang'aa kama kioo, na huwa amesikia kwamba chemchemi za Marere katika vilima hivi hivi hupeleka maji hadi Mombasa. Ni kweli, hupeleka. Lakini yale yanayokufikia kwenye mfereji si sawa na ya kijito kilicho wazi. Juu ya kijito hicho ndovu ameoga, nyani amejisaidia, na mvua ya jana imeosha mteremko mzima. Amiba na viini vya kuhara havionekani kwa macho hata maji yawe meupe namna gani. Kama ni lazima kuyatumia, yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja nzima, au tia kidonge cha kusafisha maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti na ungoje muda unaotakiwa, ambao kwa kawaida ni nusu saa. Mtoto akianza kuhara baada ya safari, mpe maji ya chumvi na sukari yanayouzwa kwa pakiti. Usipoyapata, changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikwanguliwe vilingane. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza dawa.

Na kuogelea je? Mvulana wa miaka minane aliletwa kwangu na mama yake akiwa anakojoa damu matone ya mwisho. Mama alikuwa na hakika kwamba amepigwa teke kwenye kandanda. Nilipouliza zaidi, mtoto akasema wakati wa likizo alikuwa akishinda na binamu zake kwenye bwawa la kijijini, Pwani. Miezi mitatu ilikuwa imepita. Mkojo wake ulipopimwa ulikuwa na mayai ya kichocho.

Kichocho kipo Kwale, na ni kile cha kibofu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, navyo huingia mwilini kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Konokono hao hawapendi maji yanayokimbia kwa nguvu. Kwa hiyo hatari si sawa kila mahali: chini ya maporomoko yenyewe ni ndogo, kwenye vidimbwi vya kando vilivyotulia vyenye magugu ni kubwa zaidi, na hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, wakati vijidudu hutoka kwa wingi. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemewa. Binafsi ningewaruhusu watoto wasimame kwenye maji yanayoanguka na niwakataze vidimbwi vya pembeni. Mzazi anayeamua wasiingie kabisa sitamlaumu.

Kama waliingia, andika tarehe. Miezi miwili au mitatu baadaye mpeleke mtoto akapimwe mkojo hata kama hana dalili, na mkojo huo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hupatikana zaidi. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na ikitolewa mapema huokoa kibofu na figo.

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi Pwani, asijitumbukize kwenye maji haya ya baridi. Baridi ya ghafla pamoja na ukosefu wa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali ya mifupa papo hapo, na mahali pale ni mbali na hospitali. Na asiyejua kuogelea, mwenye ugonjwa au asiye nao, awe mahali ambapo mkono wa mtu mzima unamfikia. Mawe yana ukungu na yanateleza. Asipige mtu mbizi.

Kuhusu mavazi, vaeni suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu, rangi iwe ya kaki au ya udongo. Mbung'o wa Shimba hupenda buluu na nyeusi. Anauma kama sindano, lakini usiingiwe na hofu kubwa: mwaka wa 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Mtoto akigusa upupu, mzuie asijisugue. Bandika utepe wa kunata juu ya ngozi na uuvute, kisha mwoshe kwa maji mengi. Akiumwa na nyoka, mtulize, vua bangili na viatu, ufunge kiungo kwa kijiti kisichezecheze, na abebwe hadi hospitalini. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba.

La mwisho ni mbu, hasa kwa nyinyi mnaotoka Nairobi na miji mingine ya bara ambako miili haijazoea malaria. Mkilala Pwani, laleni ndani ya chandarua. Mama mjamzito na mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano wamwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga. Malaria haitokei siku mliyoumwa. Huchukua wiki moja au zaidi, na mara nyingi mtu huwa ameshasahau safari. Homa yoyote katika miezi mitatu baada ya kurudi, hata ikifanana na mafua, ipimwe damu siku hiyo hiyo. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, na ukipewa dozi imalize yote. Utakapoingia kwa daktari, usingoje akuulize. Mwambie mara moja: tulikuwa Kwale, tulilala siku kadhaa, na watoto waliingia majini tarehe fulani.