Je, Mzazi Ashtakiwe kwa Kosa la Mwanawe?



Kijana akimwua au kumjeruhi mtu, je, sheria imshike na mzazi wake? Wako wasemao, "Naam, kwani ndiye aliyemlea." Wengine husema, "La, kila mtu abebe mzigo wake." Katika somo hili tutatazama kesi moja ya kweli, kisha tujipime sisi wenyewe.

1. Kesi ya Michigan

Tarehe 30 Novemba 2021, katika shule ya sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan, Marekani, mvulana wa miaka 15 aliwapiga watu risasi. Wanafunzi 4 walikufa na watu 7 walijeruhiwa. Bastola ilikuwa imenunuliwa na baba yake siku 4 tu kabla ya hapo.

Siku moja kabla ya mauaji, shule ilimwarifu mama kwamba mwanawe ameonekana darasani akitafuta habari za risasi katika simu. Mama alimwandikia mwanawe kwa mzaha kwamba ajifunze kutokamatwa. Asubuhi ya siku yenyewe mwalimu aliona katika karatasi yake ya hesabu mchoro wa bastola, pamoja na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa. Hawakumchukua nyumbani, wala hawakuwaambia walimu habari ya bastola. Nao walimu hawakuupekua mfuko wake. Saa chache baadaye maafa yakatokea.

Kijana alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2024 mama, kisha baba, kila mmoja kwa kesi yake, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kila mmoja alipewa kifungo cha miaka 10 hadi 15.

2. Walihukumiwa kwa kosa la nani?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wazazi hao hawakubebeshwa kosa la mtoto. Yeye alilibeba lake. Walihukumiwa kwa uzembe wao wenyewe: walikuwa na dalili, walikuwa na uwezo wa kuzuia, wasizuie.

Neno hili si geni. Tusome Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akiua mtu kwa pembe, mwenyewe hana hatia. Lakini akiwa ameonywa zamani kwamba ng'ombe huyo ana tabia ya kupiga, naye hakumfunga, hapo ana hatia. Basi tusome pia Ezekieli 18:20, tuone ya kuwa baba hauchukui uovu wa mwana. Mafungu haya mawili hayapingani. Mzazi haulizwi, "Mwanao amefanya nini?" Huulizwa, "Wewe ulijua nini, nawe ulifanya nini?"

3. Tahadhari

Sheria ikisema kwamba kila mzazi wa mhalifu ni mhalifu, itawaonea wengi. Tulipokuwa tukifundisha, alitujia mama mmoja mjane. Aliondoka nyumbani alfajiri kuuza samaki, akarudi usiku. Mwanawe alikuwa ameanza kuleta nyumbani vitu visivyo vyake. Mama yule alikuwa amekwenda kwa balozi, kwa wajomba, hata polisi. Akaja na kwetu, akilia. Tulimjibu, "Mama, mtoto ni wako, mwonye." Baada ya miezi michache kijana alimkata mtu panga, na majirani wakataka kuichoma nyumba ya mama yake.

Je, nani hakuzuia? Mama alipiga mbiu kila mahali. Sisi tulioisikia ndio tuliokaa kimya. Jambo hilo limetuuma mpaka leo.

4. Sisi nasi

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inamwekea mzazi wajibu wa kumlinda na kumwongoza. Huku kwetu bastola ni nadra nyumbani. Dalili zetu ni nyingine: kisu kilichofichwa chini ya godoro, fedha zisizo na maelezo, mdogo wake anayemwogopa.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini kumkemea tu hakutoshi. Kuhani Eli aliwakemea wanawe (1 Samweli 2), akalaumiwa kwa kuwa hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Kuzuia ni kuondoa kisu, kurudisha kitu kwa mwenyewe, na kumwendea mwalimu au mchungaji kabla ya kumwendea hakimu.

Basi jibu letu ni hili: mzazi asiadhibiwe kwa kuwa ni mzazi. Aliyejua, akaweza, asizuie, huyo ajibu mbele ya sheria. Naye aombaye msaada, asiachwe peke yake.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

(a) Yule mama mjane na wale wazazi wa Michigan wanatofautiana katika nini?
(b) Ni dalili gani tumeziona kwa watoto wetu, tukazinyamazia kwa kuona aibu?
(c) Mzazi akija kwetu leo akilia, tutamjibu nini?