Chagua Chuma cha Panga Lako

Ndugu mkulima wa Kitale, kabla ya kukata mahindi, litazame panga lako. Kung'aa si ukali. Chuma laini cha madirisha kina kaboni chini ya sehemu 3 katika 1,000, nacho hakishiki makali. Springi kuukuu ya lori ina sehemu 6 hivi. Mpelekee mhunzi hiyo. Panga likisha kufuliwa, alitie moto hata sumaku isilivute, alizamishe katika mafuta, kisha alipashe moto kidogo. Asipolipasha litavunjika kama kigae, na kipande chaweza kukutoboa jicho. Jaribu makali kwa tupa: ikila upesi, panga ni laini, ikiteleza kabisa, lirudi motoni, ikila kwa shida, limefaa. Jaribu kwanza, ndipo ulipe.