Dawa Zinapokwisha Kituoni

Mwezi huu tuzungumzie jambo linalowasumbua wengi: kufika kituo cha afya na kuambiwa, "Dawa hakuna, kanunue dukani." Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bure Zanzibar. Lakini dawa isipokuwapo, mgonjwa hurudi kwenye gharama, na maskini ndiye anayeumia zaidi.

Wengi wetu hudhani sababu ni uhaba wa fedha tu. Fedha ni sababu, lakini lipo pia daftari la dawa. Tuchukue mfano. Kituo kinatumia vipakiti 100 vya ORS kwa mwezi, na mzigo huchukua mwezi mmoja kufika. Mhudumu akiagiza vikiwa vimebaki 20, vitakwisha baada ya siku 6, na wenye kuharisha watavikosa kwa zaidi ya wiki tatu. Angeagiza vikiwa 150, pengo hilo lisingekuwapo.

Dawa zikikosekana karibu, mgonjwa wa Kiembe Samaki hupanda daladala kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa maradhi madogo. Huko foleni hurefuka, na mwenye maradhi makubwa hucheleweshwa.

Tufanye nini basi? Wahudumu waandike kila dawa inayoingia na inayotoka, na zile zinazokaribia kuisha muda zitolewe kwanza. Nasi wananchi tuulize kwa adabu: dawa iliagizwa lini, na inatarajiwa lini? Uhaba ukijirudia, tumweleze sheha. Kuuliza si ugomvi. Mtoto anayeharisha hawezi kungoja wiki tatu.