SOMO LETU: Tumfundishe mtoto imani jikoni, shambani na njiani



Wapendwa wanavikundi, ninapowatembelea kuna swali moja ambalo naulizwa karibu kila mahali, hasa na kina mama: "Dada, hawa watoto wadogo tutawafundisha mambo ya Mungu namna gani? Sisi hatukusoma sana, katekista anakuja mara moja kwa wiki, na kanisa liko mbali." Wengine wanaona ya kwamba kazi hiyo ni ya padre, masista na katekista. Kazi ya mzazi ni kulipa karo na kupika tu.

Leo tujifunze juu ya jambo hilo. Lakini kwanza wacha niwaambie lililonipata mimi mwenyewe.

GOROGORO ILIYOGONGWA

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nauza mahindi nyumbani kwa gorogoro. Mwaka huo mavuno yalikuwa kidogo na karo ilikuwa inanikaba shingoni. Jioni moja nilichukua nyundo nikaigonga ile gorogoro chini, tako lake likaingia ndani kidogo. Haikuonekana sana. Lakini kila aliyenunua alipunjwa konzi moja au mbili za mahindi. Kijana wangu wa miaka sita alikuwa ameketi pale mlangoni. Sikumjali. Nilifikiri, huyu ni mtoto, anaelewa nini?

Wiki hiyo hiyo nilikuwa namsaidia kukariri Amri za Mungu, na tulikuwa tumefika amri ya saba. Aliitamka vizuri kabisa, nami nikafurahi. Jumamosi nikamkuta nyuma ya nyumba akicheza duka na dada yake. Walikuwa wanauza mchanga. Yeye alikuwa na mikebe miwili, na mmoja alikuwa anaugonga chini kwa jiwe. Nikamwuliza, "Mbona unaharibu mkebe?" Akanijibu bila hofu yoyote, "Siharibu, mum. Huu ni wa kuuzia. Ule wa kununulia tunauacha mzima."

Ndugu zangu, nilikosa la kusema. Mtoto alikuwa amejifunza masomo mawili katika wiki moja. Amri ya saba aliipata kwa kukariri. Biashara aliipata kwa kuona. Na lile la kuona ndilo lililoingia moyoni.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilimwita nikamwambia, "Mum alikosea. Kugonga gorogoro ni kuiba. Nimemwomba Mungu msamaha, na sasa twende turudishe." Tulipima mahindi kwa mkebe mzima, tukazunguka sote wawili kwa wale niliokumbuka kwamba walinunua. Nyanya mmoja mjane aliyapokea, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua. Lakini ningesema nini, na wewe ndiwe unayetufundisha kwa kikundi?"

Maneno hayo bado ninayo hata leo. Njiani tukirudi nilimsimulia mtoto habari ya Zakayo, aliyesema atawarudishia watu mara nne (Luka 19:1-10). Alinisikiliza vile hajawahi kunisikiliza. Akaniuliza, "Zakayo naye aliona aibu?" Nikamwambia, "Nadhani aliona, lakini Yesu alikuwa nyumbani kwake."

KANISA LINATUAMBIA NINI?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 774, inasema wazazi ndio wa kwanza wenye wajibu wa kulea watoto katika imani, kwa maneno na kwa mfano wa maisha yao. Wajibu huo huo ni wa wasimamizi wa ubatizo, na wa wote wanaoshika nafasi ya wazazi. Kwa hivyo wewe nyanya unayelea wajukuu, nawe shangazi unayelea yatima, kazi hii ni yenu pia.

Tukisoma Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Musa anawaagiza Waisraeli wawaambie watoto wao maneno ya Mungu wakiwa nyumbani, wakitembea, wakienda kulala na wakiamka. Hapo hakutaja darasa wala ubao. Yesu naye alifundisha kwa chachu ya mwanamke anayekanda unga, taa, mbegu, kondoo, na sarafu iliyopotea ndani ya nyumba. Vitu hivyo tunavyo.

TUNAWEZA KUFANYA HIVI

1. Asubuhi na usiku. Mfundishe mtoto ishara ya msalaba polepole, ukimshika mkono wake. Usiku kabla ya kulala msali kwa maneno matatu: asante, samahani, na nakuomba. Kila mtu ataje jambo moja la siku hiyo, na mzazi pia. Sala iwe fupi. Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa rozari nzima bila kusinzia, na hiyo si dhambi.

2. Jikoni. Kabla ya kula, mtoto mmoja aombe baraka. Kukiwa na jirani mgonjwa au mzee anayekaa peke yake, pakua chakula chake kwanza, na umtume mtoto akipeleke. Chakula kiwe kile kile mnachokula ninyi, si kiporo cha jana. Mtoto anaangalia pia ni sahani gani imeenda kwa maskini.

3. Mtoni au kisimani. Mkiteka maji, mwambie mtoto habari ya ubatizo wake: tarehe, kanisa gani, msimamizi ni nani, na kwa nini alipewa jina hilo. Siku hiyo ikifika kila mwaka, ikumbukeni hata kwa chai tu.

4. Shambani. Mpe mtoto mstari mmoja wa maharagwe, apande mwenyewe na kupalilia. Msomee Marko 4:26-29, mahali Yesu anaposema kwamba mkulima analala na kuamka, na mbegu inaota asijue ni vipi. Akivuna, yeye mwenyewe achague kiasi cha kupeleka kanisani kama sadaka. Shilingi uliyompa mlangoni mwa kanisa ni sadaka yako, siyo yake.

5. Wakati wa msiba. Tusimdanganye mtoto ya kwamba babu amesafiri. Atangoja arudi, na asiporudi hatatuamini tena. Mwambie kwa maneno machache ya kwamba babu amekufa, tunasikitika, Yesu pia alilia kwa ajili ya rafiki yake Lazaro (Yohane 11), na sisi tunaamini ufufuko. Mwache alie, na mwende naye kusali kaburini.

6. Tukikosa. Hili ndilo gumu kuliko yote. Ukimpiga mtoto bure kwa hasira, ukimdanganya, ukimwambia aseme haupo na wewe upo, mwombe msamaha. Wazee wengine wataniambia, "Mtoto atanidharau." Mimi nimeona kinyume. Mtoto tayari ameliona kosa. Ambalo hajaona ni namna Mkristo anavyorudi kwa Mungu akishakosa. Atajifunza kwa nani kama si kwetu?

TUSIFANYE HIVI

Tusimfanye Mungu kuwa askari wetu. Mara nyingi tunasema, "Ukimwaga maziwa, Mungu atakuchoma." Mtoto ataogopa, lakini hatapenda. Kumbukeni katika Marko 10:13-16 Yesu alikasirika kwa sababu watoto walizuiwa, kisha akawakumbatia.

Pia tusitumie sala kama adhabu. Mtoto aliyepigishwa magoti asali kwa sababu amevunja kikombe atachukia sala.

Na kina baba, msiwaachie kina mama peke yao. Mtoto akimwona baba amepiga magoti, hilo ni fundisho ambalo mama hawezi kulitoa kwa niaba yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ulipokuwa mtoto, ni nani alikufundisha kusali? Unakumbuka maneno yake au matendo yake?
2. Watoto wetu wakicheza duka, mkutano au harusi, wanaiga nini kutoka kwetu?
3. Katika hesabu za kikundi, mizani, mikebe na zamu za merry-go-round, kuna jambo lolote tusilotaka watoto waone?
4. Ni watoto gani hapa kijijini hawana mzazi wa kuwafundisha? Nani kati yetu atawachukua kama wake?

AZIMIO

Kila mmoja achague jambo moja kati ya yale sita, alifanye kwa mwezi mzima, kisha alete habari katika mkutano ujao, hata kama lilimshinda. Na kabla hamjatawanyika leo, naomba mwenyekiti aweke mezani gorogoro zote za kikundi. Zigeuzwe moja moja, zipapaswe chini, na watoto wawepo wakiangalia.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.