Kumfundisha Mtoto Kusoma Nyumbani: Tuchague Njia Gani?

Somo letu la mwezi huu lawahusu wazazi, walezi na wazazi wa ubatizo. Mtume Paulo amkumbusha Timotheo imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike, tena amkumbusha kwamba aliyajua Maandiko tangu utoto wake (2 Timotheo 1:5, 3:15). Nasi tunapomleta mtoto kwenye ubatizo twaahidi kumlea katika neno la Mungu. Lakini neno hilo atalisomaje, ikiwa amefika darasa la tatu na kila afunguapo kitabu hukariri tu aliyoyasikia kwa wenzake?

Siku hizi wazazi wengi hununua vitabu au huweka katika simu programu za kufundisha kusoma kwa sauti za herufi. Vingine ni vya bei kubwa, na rangi nzuri si dalili ya mafundisho mazuri. Kabla ya kutoa fedha, yatupasa kuvipima kwa mambo manne.

KWANZA: Je, chafundisha sauti za herufi, au majina yake tu? Mtoto aliyezoeshwa kutaja "ei, bi, si" akikuta neno baba atasema "bi-ei-bi-ei", na hapo hafiki kwenye baba kamwe. Afundishwe sauti yenyewe: midomo hufungwa, hufunguka, sauti ya b hupokewa na a, nayo huwa ba. Lugha yetu yatusaidia sana. Kiswahili kina irabu tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja hutamkwa vile vile popote ilipo.

PILI: Je, chaenda hatua kwa hatua? Mtoto aanze na irabu, kisha konsonanti chache, kama m, b, k, l na t. Akishaziunganisha aweza kusoma mama, bata, kuku, meli na kiti. Baadaye ndipo zije ch, sh, ny, mb na nd, na ile m isimamayo peke yake kama katika m-tu na m-ti. Tofauti ya ng' katika ng'ombe na ng katika ngoma ingoje mpaka mwisho. Tuangalie pia picha. Kitabu kiandikacho "N ni ya ndege" chamchanganya mtoto, maana sauti aisikiayo mwanzoni mwa ndege ni nd. Nanasi ingefaa zaidi. Vivyo hivyo "M ni ya mbuzi". Heri M ya meza.

TATU: Je, mtoto asoma mwenyewe? Programu nyingi za simu humsomea kila kitu, naye kazi yake ni kugusa picha. Zima sauti, funika picha, uone kama asoma. Sisi tuliowafunza walimu wa darasa la kwanza twajua jinsi mtoto mwerevu awezavyo kukariri ukurasa mzima bila kutambua silabi moja. Dawa yake ni kumwandikia maneno asiyoyajua. Mwaka 2012 shule za Uingereza zilianza kuwapima watoto wa miaka 5 na 6 kwa maneno 40, na 20 kati yake ni ya kubuni, yasiyo na maana yo yote. Twaweza kufanya hivyo nyumbani: andika lupo, bemu, tikola. Asomaye hayo amejua kusoma. Hakuyasikia po pote.

NNE: Je, mtoto afahamu asomayo? Filipo alipomsikia yule Mkushi akisoma garini, alimwuliza kama aliyaelewa (Matendo 8:30). Mtoto akimaliza sentensi, mwulize: ni nani aliyefanya nini? Sauti ni mlango tu. Maana ndiyo nyumba.

Wengine watauliza juu ya Kiingereza. Jibu letu ni kwamba mtoto aanze kusoma katika lugha anayoisema. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti 44 hivi, na herufi a ya "cat" si sauti ile ile ya a katika "cake". Akiisha kujua kwamba herufi hubeba sauti, atakifuata Kiingereza kwa njia yake bila hofu. Tena mwulizeni mwalimu wake ni sauti zipi wanazojifunza darasani, ili nyumbani na shuleni pasivutane.

Asiye na fedha asikate tamaa. Kata boksi la karatasi ngumu vipande vidogo, andika silabi moja katika kila kipande, mtoto apange maneno mezani au mkekani. Robo saa kila siku yatosha, nayo yapita saa mbili za Jumamosi moja. Akichoka, acheni. Asipoendelea, msimwite mzito wala mjinga, kwa kuwa jina hilo hukaa moyoni miaka mingi. Chunguzeni kwanza kama aona na asikia vema, kisha rudini hatua moja nyuma.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi:

1. Watoto wetu hutaja majina ya herufi tu, au wazijua na sauti zake?
2. Ni nani katika nyumba yetu awezaye kutoa robo saa kila siku kwa kazi hii?
3. Je, mtaani kwetu yupo mtoto ambaye mzazi wake hakupata kusoma? Ni nani atakayeketi naye?