Kuongoka kwa Ghafula

Katika vijiji vya Bariadi, na kote Simiyu, si ajabu kusikia ya kwamba mtu ambaye jana hakujali dini ameamka leo akiomba ubatizo. Pengine amepona ugonjwa uliokwisha kumfikisha ukingoni mwa kaburi. Pengine ameota ndoto. Pengine alihudhuria maziko ya jirani, neno moja la Padri likamchoma moyo. Jamaa zake hucheka, wakisema atarudi mwenyewe fedha za pamba zikianza kulipwa.

Sisi hatumcheki. Saulo naye aliangushwa njiani, akienda Damasko kuwafunga Wakristu. Lakini yafaa tuisome habari ile mpaka mwisho. Alikaa siku tatu haoni, hali wala hanywi. Akaongozwa kwa mkono kama mtoto. Akamngoja Anania, mtu aliyemwogopa, aje kumwekea mikono. Tena yeye mwenyewe awaeleza Wagalatia ya kuwa ilipita miaka mitatu kabla ya kupanda Yerusalemu kuonana na Petro.

Nchi ya Usukuma imeigusa habari nyingine ya namna hii. Mwaka 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda, wakavuka ziwa kuja kusini, na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Bukumbi, upande wa Mwanza. Hawakurudi Buganda mpaka 1885. Muda wote huo wanafunzi wao wa dini walibaki bila padri, wakifundishana wenyewe kwa wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza kwa haraka Kizito, Mbaga, Gyavira na Mugagga, maana kulipokucha walingojewa na hukumu ya Mfalme Mwanga. Ubatizo ule ulikuwa wa ghafula. Imani haikuwa ya ghafula. Kardinali Lavigerie aliwaagiza mapadri wake wafundishe miaka minne kabla ya kubatiza, na vijana wale walikuwa wamekwisha kuanza safari hiyo. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa jamaa yake Mbaga. Alimsihi sana akane, ajiokoe. Mbaga alikataa. Jibu lile hakuliazima kwa Lwanga.

Basi tumrudie mtu wetu wa Bariadi. Amechoma hirizi zake, na Jumapili aimba kuliko wote. Vema. Lakini nyuma ya nyumba yake akaa shangazi yake, mzee, mwenye macho mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi: kuni ni haba katika mbuga zile, na mama huyu amepika miaka yake yote kwa samadi kavu na vijiti vya pamba. Kwa sababu ya macho kama hayo vikongwe wengi wa Usukuma wameuawa, wakiitwa wachawi, na mara nyingine mkono wa ndugu ulikuwamo.

Siku moja mtoto wa mwongofu wetu atashikwa na homa usiku, na jirani atakuja kunong'ona jina la shangazi. Hapo hakuna ndoto itakayomjibia. Ama atampeleka mtoto hospitali, akimwachia shangazi kulinda nyumba, ama atakwenda kwa mpiga ramli.

Kwa hiyo twawaomba makatekista, mtu wa namna hii ajapo kujiandikisha, wamsikilize kwa upole ndoto yake yote. Kisha wamwulize shangazi analala wapi, na jana jioni ni nani aliyempelekea chakula.