Kitambi na Moyo kwa Wanaosafishwa Damu

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Migori au kwa majirani zetu wa Homa Bay, hupimwa uzito kabla na baada ya kila kikao. Mizani humwonyesha muuguzi ni maji kiasi gani ya kutolewa. Haionyeshi mafuta yamekaa wapi mwilini.

Wengi hudhani mgonjwa huyu atauawa na figo. Ukweli ni kwamba maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kwa vifo miongoni mwa wanaosafishwa damu. Shinikizo la damu, kisukari na maji yanayojaa kati ya vikao huuchosha moyo, nayo fosfeti ikirundikana huifanya mishipa kuwa migumu. Kisha kuna mafuta yanayozunguka ini na utumbo. Hayo hutoa kemikali zinazoidhuru mishipa na kuizuia insulini kufanya kazi yake.

La kushangaza ni kwamba uzito mkubwa wenyewe si adui siku zote. Tafiti nyingi zimeonyesha wagonjwa wa mashine walio wazito huishi muda mrefu kuliko waliokonda, pengine kwa sababu wana akiba ya misuli. Lakini utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka wa 2009, uliofuatilia wagonjwa 537, ulipata kwamba kiuno kipana kiliendana na vifo vingi zaidi, vikiwemo vya moyo. Kwa hivyo mwenye mikono myembamba na kitambi asijipe moyo kwa kutazama mizani.

Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima. Upitishwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na ameshatoa pumzi. Wakati mzuri ni baada ya kikao, maji yakiwa yametolewa. Kwa watu wote kwa jumla, hatari huhesabiwa kuanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Kupunguza kitambi si kushinda njaa. Mashine huondoa protini kidogo kila mara, hivyo samaki, mayai na nyama bado vinahitajika kwa kipimo. Kinachopunguzwa ni sukari ya chai, soda, mandazi na mafuta ya kukaangia. Hapa ushauri wa jirani huponza: parachichi, ndizi na maharagwe, vinavyosifiwa kuwa vizuri kwa moyo, vina potasiamu nyingi ambayo inaweza kuusimamisha moyo wa mgonjwa wa figo. Omena nayo huliwa pamoja na mifupa yake iliyojaa fosfeti. Mnofu wa ngege au mbuta ni afadhali. Mtaalamu wa lishe hospitalini ndiye wa kupanga sahani ya kila mgonjwa.

Anayepata maumivu ya kifua au kukosa pumzi asisubiri siku yake ya mashine. Afike hospitalini mara moja.